Gonga, Nitakuja

Jioni ile Enok alikuwa akienda kuutazama wavu wake wa sili ng'ambo ya ghuba. Binti yake, Nivikka, alimfuata hadi ufukweni, kitoto chake kikimlilia mgongoni ndani ya kofia pana ya koti.

"Baba, mtoto hana jina. Mpe la kaka."

"Mwili haujaonekana. Pasipo mwili, kifo ni dhana tu."

"Mwaka mzima! Wewe hata malaika akishuka, utamdai shahidi wa pili."

"Na wa kwanza nitamhoji."

Nivikka alicheka bila kutaka. Kisha akanong'ona, "Jina lisilo na mtu linatangatanga, baba. Linaona baridi."

Enok alikuwa hakimu wa mji ule kwa miaka mingi. Alijua kutenga ushahidi na uvumi. Lililothibitika ni hili: vuli iliyopita mwanawe alitoka peke yake kwa kayaki, mtumbwi mwembamba wa ngozi, na kasia pekee ndilo lililookotwa. Tangu hapo jina lake halikutamkwa nyumbani, kwani mila yao hailiruhusu mpaka apatikane mtoto wa kulibeba.

Enok ndiye aliyemfundisha kijana huyo kujiinua kayaki ikipinduka: jilaze nyuma, fagia maji kwa kasia, kichwa kitoke mwisho. Ukishindwa, piga ubavu wa chombo, mwenzako akusogezee pua ya kayaki yake uishike.

"Gonga, nitakuja," alimwambia.

Katikati ya ghuba upepo ulikata kabisa. Milima ya barafu ilisimama juu ya maji, na mingine kama hiyo ikaning'inia chini yake. Enok hakuuona tena mstari wa kutenga mbingu na bahari. Akakitambua kile kizunguzungu kinachowapata hata mabingwa, bahari inapotulia kupita kiasi. Miguu ikawa kama imejaa maji baridi...

Akapinduka.

Akafagia maji kwa kasia. Akainuka nusu, akarudi chini. Akajaribu tena. Kichwa kilitangulia, kosa lilelile alilokuwa akimkanya kijana. Kasia likamponyoka.

Akagonga ubavu.

Ngo. Ngo. Ngo.

Alijua fika kwamba hapakuwa na mtu.

Kitu kikateleza taratibu hadi kiganjani mwake. Pua ya kayaki. Kwenye ncha yake palikuwa na mfupa wenye pengo upande mmoja, pengo lililoachwa na kisu cha Enok mwenyewe kilipoteleza siku alipomchongea mwanawe. Akaishika, akazungusha kiuno, akaibuka.

Hapakuwa na kayaki nyingine. Kasia lake lilielea karibu, na kando yake kipande cha barafu chenye ncha. Lakini hewa ilinuka ngozi mbichi, na nyuma ya sikio lake, sauti...

"Baba... mbona mimi nilipogonga..."

Haikumaliza.

Sikio lililojaa maji husikia mengi. Hilo Enok alilikubali. Barafu nayo yaweza kuwa na pengo. Hilo pia alilikubali. Machozi yake hayakungoja hukumu.

Alifika nyumbani akitiririka maji. Hakuvua nguo. Alimchukua mtoto aliyekuwa akilia, akamwinamia sikioni.

"Ulloriaq," akalinong'ona jina la mwanawe. "Umefika nyumbani, mwanangu. Nisamehe, nimechelewa."

Mtoto akanyamaza. Akakishika kidole gumba cha babu yake, akakibana kwa nguvu, kama mtu anayeshika kitu ili asizame. Kisha vidole vikalegea, akalala.

Nivikka alijifuta macho. "Amepata mwili, baba. Sasa amepumzika."

Enok akaitikia kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu vuli ile, alishusha pumzi.

Ndipo sauti ikaja kutoka ghubani, mbali, kwa uchovu.

Ngo. Ngo. Ngo.

Nivikka akamshika mkono. "Baba... umesikia?"

Maisha yake yote Enok alidai shahidi wa pili. Sasa alikuwa naye ubavuni. Jina lilikuwa limelala mikononi mwake, na huko majini mtu bado alikuwa akigonga.