Chupa Iliyopima Bahari ya Mchinga

"Mpikie mgeni chai kali. Saa nne."

Kidawa alilisoma agizo mara moja, akalichoma pamoja na kuni.

Mwaka 1953 kambi yote ya Mchinga ilimjua kama mpishi wa Bwana Holbek, mpimaji wa kampuni ya kigeni. Chama cha wakulima kilikuwa na jasusi mmoja tu, na jasusi huyo alikuwa akichambua maharage.

Kwa hasira. Hasira ya wiki tatu.

Holbek alikuwa amemwandikia Bwana DC, mkuu wa wilaya: chini ya Mchinga kuna mwamba mzito, uvutano wake unakusanya maji, bahari itatuna na kukizamisha kijiji. Watu wahame kabla ya Jumanne. Bi Mwanaima, mama yake Kidawa, aache minazi yake na kaburi la mumewe.

Daftari la vipimo vya kweli alilisoma Klementi, karani wa kambi, mwandishi wa lile agizo.

"Mwamba mzito huvuta maji, ni kweli," alikuwa amemnong'oneza jikoni. "Bahari huinuka kidogo juu yake. Lakini chini yetu kuna chumvi, nyepesi. Uvutano umepungua, bahari imebonyea."

"Na huo mwinuko, ungekuwepo, ungefika Jumanne?"

"Ungekuwepo tangu zama za zama, dada. Hauna ratiba."

"Basi anataka nini?"

"Penye chumvi huenda pana mafuta. Anataka ardhi isiyo na watu."

Saa tatu na nusu. Holbek yuko bafuni, anapiga mluzi.

Hema. Sanduku la kipima uvutano. Kufuli la Yale. Pini ya nywele.

Klik.

Kidawa alifungua ganda la chuma, akachomoa mtambo, akaufukia kwenye gunia la unga. Chupa yake ya chai, thermos ya bluu, ikaingia mahali pake kama imezaliwa humo. Kando ya kitanda ilining'inia bastola ya Webley. Nayo ikaenda ungani. Kwenye ala yake akatia muhogo.

Saa nne, barazani. DC kitini, amekuja kushuhudia kipimo; wanakijiji juani.

Holbek aliinama juu ya chombo kwa sekunde mbili.

"Mwamba mzito," alisema. "Elfu tatu mia nane na kumi na mbili."

"Namba hiyo umeiona humo, Bwana?" Kidawa aliuliza.

"Mpishi, rudi jikoni."

"Mjibu," alisema DC.

"Nimeiona kwa macho yangu."

Kidawa alifungua ganda, akatoa chupa, akamimina. Harufu ya tangawizi ikatanda.

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wameambiwa waache makaburi yao kwa ushahidi wa chai.

Mkono wa Holbek ulishuka kiunoni. Ukatoka na muhogo.

Klementi aliweka daftari la kweli mbele ya DC. DC alisoma kurasa mbili, akaichana amri ya kuhama.

"Panda gari, Holbek. Mbele yangu."

Bi Mwanaima alikitazama kikombe. "Ina sukari?"

"Haina, mama."

"Basi mpe yeye."

Kidawa akampa.

"Kunywa, Bwana. Nzito sana."

Akaenda zake. Alipopita jikoni alisikia maharage ya Holbek yakiungua.

Hakupunguza mwendo.