Saa Moja Bila Maswali

Binti wa fundi cherehani alichelewa kusema. Alipokuwa mdogo alishinda chini ya meza ya mama yake, akitazama gurudumu la cherehani likizunguka. Daktari akasema ana usonji. Alipofika miaka sita akaanza kuzungumza, tena vizuri. Mama akashangilia: "Usonji umekwisha!"

Sasa binti ana miaka kumi na minne. Akitoka shule, hasemi. Ukimuuliza, anaziba masikio. Na siku hizi anachelewa kurudi saa nzima.

Mama akaingiwa na shaka. Akapekua mkoba. Akanusa sare. Hakukuta kitu, na hapo ndipo alipozidi kuogopa. Dalili ya mvua ni mawingu, alijisemea. Mwanangu ananiponyoka.

Jumatano akamfuata nyuma nyuma. Binti akaingia kwa shangazi yake, fundi wa kujalidi vitabu. Wifi huyo hakutazami machoni, na sherehe hahudhurii. Loo! Kumbe ndiye anayemfundisha kiburi!

Mama akasukuma mlango. Binti alikuwa ameketi sakafuni, macho kafumba. Wifi alikuwa akishona kitabu.

"Wifi, unamfanyia nini mwanangu?"

"Simfanyii kitu. Anapumzika."

"Makubwa! Amechoshwa na nini hata aje kupumzika huku?"

"Usonji, wifi."

"Ulikwisha zamani!"

"Hauishi. Hubadilika kadiri mtu anavyokua. Zamani hakusema, sasa anasema. Lakini kutwa nzima shuleni anajikaza. Kuna makelele, kuna utani asiouelewa, na mwili nao unabadilika. Akitoka yuko hoi."

"Wewe umejuaje?"

"Mimi pia ninao. Nimeambiwa na daktari mwaka juzi, mtu mzima wa miaka arobaini. Utotoni niliitwa jeuri. Makelele bado yananiumiza, ila nimejifunza kujipanga. Wengine husaidiwa maisha yao yote. Hatufanani."

Mama aliona haya, maana yeye mwenyewe alikuwa amemsema sana wifi huyu. Hata hivyo hakuamini moja kwa moja. Kesho yake akaenda kwa daktari. Daktari akasema yale yale, akamshauri aongee na mwalimu. Mwalimu akamhamishia binti kiti, mbali na makelele.

Nyumbani mama akaweka sharti jipya: binti akirudi, saa moja bila maswali. Siku ya kwanza nusura mama apasuke! Akauma ulimi, akashona.

Wiki ya pili binti akatoka chumbani mwenyewe.

"Mama, saa imekwisha. Sasa uliza."

Mama alikuwa na maswali mia. Akachagua moja.

"Umechoka, mwanangu?"

"Sana," binti akasema. Akavuta kiti karibu na mama yake, akaanza kusimulia.