Gitaa Lililorudi Mara Tano

"Limerudi tena?"

"Limerudi, Fundi. Nisamehe."

Fundi aliweka bisibisi mezani, akamtazama kijana aliyesimama mlangoni amekumbatia mfuko wa gitaa kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Wenzake wa bendi walimwita Mpole, na jina lilimkaa hasa. Alipiga gitaa la besi, jukwaani alisimama nyuma kabisa, na akiongea na wewe alitazama viatu vyako. Hii ilikuwa mara ya nne.

"Safari hii linasumbua nini?"

"Linakwaruza. Uzi wa tatu... na wa nne kidogo."

"Wiki iliyopita ulisema nyuzi ziko juu mno, vidole vinauma."

"Ndiyo."

"Kabla ya hapo sponji ikapotea. Sponji, jamani! Ilitoka yenyewe ikaenda kutembea?"

Mpole akatazama viatu vya Fundi.

Mara ya kwanza alikuja na ombi moja tu. Bendi yao ilipiga nyimbo za zamani kwenye harusi, lakini besi yake ililia ting ting kama vijiko vinavyooshwa. Alitaka ile sauti ya wazee, nzito na fupi, dum, ambayo tumbo huisikia kabla ya masikio. Fundi akavua nyuzi zake zenye mikwaruzo, akaweka nyuzi bapa, zile laini zisizopiga kelele kidole kikiteleza. Akaziinua kidogo zipate nafasi ya kutikisika. Akabana kipande cha sponji chini yake, karibu na daraja, kile chuma kinachozishika nyuzi upande wa chini. Mwisho akapunguza ukali kwenye kitufe cha toni.

"Na usizibadilishe," alimwambia siku ile. "Nyuzi hizi kadiri zinavyozeeka ndivyo zinavyonoga."

Mpole akapiga noti tatu, akafumba macho. Fundi alizikumbuka noti zile wiki nzima. Na yale macho pia, tusidanganyane.

"Nani huyo?" sauti ya Baba ikatoka chumba cha ndani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ah! Ni wewe tena? Na gitaa ni lile lile?"

"Lile lile, mzee."

Baba alisubiri Mpole aondoke, akaja na kiti chake. Ujanani naye alipiga besi, mpaka vidole vilipokakamaa ndipo akafungua karakana hii na kumfundisha bintiye kazi.

"Mama," alipenda kumwita hivyo, "keti."

"Nimesimama vizuri, Baba."

"Niliahidi kukukabidhi funguo Jumamosi hii, karakana iwe yako. Lakini gitaa moja mara nne? Kazi inayorudi ni kazi ambayo haijafanywa. Kuna mwenzangu ameomba kuja kuisimamia. Nafikiria nimkubalie, wewe uendelee kujifunza chini yake."

"Baba! Miaka minane yote hii?"

"Nimesema nafikiria."

Fundi akarudi mezani. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alianza kujishuku mwenyewe. Kila Mpole akiingia, mikono ilibaki kwenye gitaa lakini akili ilihama. Labda kweli anaharibu kazi kwa sababu ya mwanaume anayetazama viatu!

Safari hii alipima kila uzi kwa rula, mara mbili. Kisha akatoa rangi ya kucha nyekundu kwenye mkoba wake, akachora kijistari chembamba kutoka kila skrubu ya daraja, zile zinazopandisha na kushusha nyuzi, hadi kwenye chuma chake. Skrubu ikizungushwa hata kidogo, mstari unakatika. Hakumwambia mtu, hata Mpole alipokuja kulichukua.

Alhamisi ujumbe ukaingia kwenye simu yake.

"Fundi habari. Samahani sana. Linakwaruza tena."

"Umeliangusha?"

"Hapana."

"Kuna mtu amelishika?"

"Mimi tu."

"Lilete. Sasa hivi."

"Asante! Niko njiani!"

Fundi akazisoma zile alama za mshangao mara mbili. Mtu gani anafurahi gitaa lake kuharibika?

Mpole alifika amechana nywele, ananukia sabuni. Baba alikuwa ametoka. Fundi akafungua mfuko, akainamia daraja, akaona. Mistari miwili ilikuwa imekatika, vipande vyake vinatazamana kama watu waliogombana.

"Nani amegusa skrubu hizi?"

"Labda... ni joto."

"Joto limeshika bisibisi?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mpole ilikuwa imefika ukutani.

"Ni mimi."

"Na sponji?"

"Ninayo nyumbani. Kwenye droo."

"Kwa nini?"

"Fundi, ulilitengeneza vizuri mno siku ya kwanza! Halikuwa na kasoro hata moja. Sasa ningekuja na gitaa zima, ningesema nini?"

"Ungesema habari za asubuhi!"

"Nilijaribu. Nimefika hapo nje mara tatu, nikarudi."

Kwa sekunde moja, moja tu, moyo wa Fundi uliruka kwa furaha. Kisha hasira ikapanda na kuufunika.

"Unajua umenifanyia nini? Baba anaona sijui kazi. Jumamosi ilikuwa anipe funguo, sasa anataka kuleta mtu wa kunisimamia. Miaka minane yangu umeichezea kwa bisibisi!"

Mpole akainua uso. Kwa mara ya kwanza alimtazama machoni.

"Sikujua. Haki ya Mungu, sikujua."

"Toka. Gitaa liache."

Jioni alipiga simu mara sita, Fundi hakupokea. Ujumbe ukaingia: "Mwambie mzee ukweli. Nitarekebisha kila kitu."

Akamjibu: "Usirekebishe kitu chochote tena maishani mwako."

Kumwambia Baba angeweza, lakini alimjua. Ni yeye aliyemfundisha kwamba fundi mbovu kila kosa humtwika mteja. Angemwonyesha mistari ya rangi, angeambiwa anatafuta visingizio. Akanyamaza na uchungu wake.

Jumamosi asubuhi, Baba ameketi na funguo mapajani bado anafikiria, Mpole akaingia. Shati limepigwa pasi, na mkononi ana kipande cha sponji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Limerudi mara ya tano?"

"Mzee, halijawahi kuharibika. Sponji nilichomoa mimi, hii hapa. Nyuzi nilizipandisha mimi, nikazishusha mimi. Kazi ya binti yako ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza. Mbovu ni mimi."

Fundi alisimama na rula mkononi, hajui aiweke wapi.

"Mama, ni kweli?"

"Angalia daraja, Baba. Niliweka alama."

Baba akavaa miwani, akaliinamia gitaa mezani, akaitazama mistari iliyokatika, akaguna. Fundi akazizungusha skrubu mpaka mistari ikaungana tena. Baba akatoa sponji mpya, akarudishia ile ya kwanza mwenyewe, akampa Mpole gitaa.

"Piga."

Mpole akapiga. Dum. Dum, dum. Baba alifumba macho, na vidole vyake vilivyokakamaa vikacheza gotini. Alipofumbua, macho yalikuwa na maji.

"Sauti hii niliipoteza miaka mingi," alisema. "Nilidhani ni masikio yangu yamezeeka." Akamgeukia binti yake. "Nimekukosea, mama. Shika funguo zako. Yule mwenzangu nitampigia asije."

Fundi akazishika kwa mikono miwili, akalia bila aibu.

"Na wewe," Baba akamgeukia Mpole, "mara zote hizo ulikuwa unatafuta nini hapa?"

Mpole akatazama viatu vya mzee.

"Mapenzi ni kikohozi, kijana. Kohoa!"

"Nampenda, mzee."

"Unaniambia mimi? Mwambie mwenyewe!" Baba akaingia ndani akicheka mpaka mbavu zikamuuma.

Fundi akafuta machozi, akamsukumia gitaa.

"Chukua. Na usirudi na gitaa hili tena."

"Nisirudi?"

"Nimesema gitaa."

Jumatatu, mwenye karakana alipofungua mlango kwa funguo zake mwenyewe, alimkuta Mpole kwenye ngazi. Mikono mitupu.

"Habari za asubuhi," akasema Mpole.

"Nzuri. Gitaa liko wapi?"

"Nyumbani. Zima kabisa."

"Lete kidole."

Akamchora kijistari chekundu, kutoka kwenye ukucha hadi kwenye ngozi.

"Cha nini?"

"Ukianza tena uongo wako, nitaona."

Mwaka ulipokwisha walioana. Bendi ilipiga, ila bwana harusi hakuruhusiwa kushika chombo siku yake. Aliyesimama nyuma na besi alikuwa Baba. Alisema vidole vitatosha kwa wimbo mmoja tu, na kabla ya kuanza aliinama kukagua daraja.

"Mistari iko palepale!" akamwambia bibi harusi kwa sauti.

Ukumbi wote haukuelewa kitu. Maharusi wakavunjika mbavu kwa kicheko, na Baba akapiga nyimbo nne.