Samli Niliyoificha

Kila Jumatano nikitoka shule nilipitia maktaba ya mtaa wetu, Angered, katika jiji la Gothenburg. Nilivua viatu mlangoni, nikaingia chumba cha nyuma ambako Ylva alikuwa akitengeneza watoto.

Ylva ni nesi. Watoto wake ni wanasesere wa mpira, na kazi yao ni kuwafundisha huduma ya kwanza wazazi waliohamia Sweden kutoka nchi za mbali. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ylva alipotaka kujua mama zetu wa Eritrea wanafanyaje jambo fulani, aliniuliza mimi kwanza, nami nilijiona mtu mkubwa kweli.

Siku aliyomleta mwanasesere wa kuungua, nilibaki mdomo wazi.

"Bonyeza hapo tumboni," aliniambia.

Nilibonyeza. Mkono wa mwanasesere ukaanza kupata joto, kisha ukageuka mwekundu mbele ya macho yangu. Ylva akafungua bomba, nikauweka ule mkono chini ya maji. Baada ya muda mfupi wekundu ukafifia.

"Amepona!" nikapiga kelele.

"Haya, mtoe uone."

Nikamtoa. Wekundu ukarudi, polepole, ukitokea ndani. Nywele zilinisimama. Hakuna mtu aliyemgusa wala kumbonyeza tena, na bado alikuwa akiungua.

"Ngozi ikipoa juu, chini bado kuna moto," Ylva alisema. "Ni dakika ishirini, Luwam. Maji ya bomba yanayotiririka, si barafu. Watu wengi huchoka mapema." Kisha akachukua kalamu. "Kwenu mtu akiungua, mama anafanya nini?"

Akilini nililiona kopo la samli kwenye rafu yetu ya nyumbani, samli yenye viungo ambayo bibi hututumia kutoka Asmara. Mama aliwahi kunipaka gotini nilipoungua. Lakini wiki ile ile wenzangu darasani walikuwa wameziba pua na kusema koti langu linanuka harufu ya jikoni. Sikutaka Ylva naye atucheke.

"Anatumia maji," nikasema. "Maji tu."

Ylva alifurahi sana. "Basi mama zenu wanajua tayari. Nitaanza na wengine, nyinyi nitawafikia baada ya likizo." Akaandika. Nami nikavaa viatu vyangu nikaenda zangu.

Jumamosi, Mama Abrehet, jirani yetu wa ghorofa ya juu, alikuja kunywa kahawa. Kwetu kahawa huchemshwa mara tatu, na anayeondoka kabla ya mara ya tatu ana lake jambo. Mama aliketi kwenye kigoda, birika la udongo likiwa juu ya jiko dogo la umeme sakafuni, bisi zimejaa sinia. Kahawa ya kwanza ilikuwa tayari kumiminwa. Mdogo wangu Natna, mwenye miaka miwili, akaziona bisi. Akakimbia, mguu ukanasa kwenye waya wa jiko, birika likapinduka.

Kahawa yote ilimwagikia mkono wake wa kulia.

Kile kilio sitakisahau. "Samli!" akapaza sauti Mama Abrehet. "Lete samli upesi!" Mama alikuwa ameshalifungua kopo.

Nilimnyakua Natna nikakimbilia bafuni. Nikafungua bomba, nikaushika mkono wake chini ya maji. Mama akaja nyuma yangu na kopo.

"Luwam, una wazimu? Mtoto anaungua wewe unamwogesha! Nipe mwanangu!"

"Mama, usimpake! Moto bado uko ndani, samli itaufungia humo humo!"

"Nani kakwambia?"

"Nimeuona kwa macho yangu! Kwa mwanasesere wa Ylva!"

"Mwanasesere!" Mama alipaza sauti. "Mwanangu analia, mwenzangu ananiambia habari za midoli!"

Akamchukua Natna kifuani. Mtoto alikuwa ameanza kutulia, kwa hiyo mama akafunga bomba. "Unaona? Umeshapoa."

Haukupita muda Natna akapiga yowe upya, na mkono ukawaka wekundu kama mwanzo. Mama akautazama mkono, akanitazama mimi. Kisha akaliweka kopo juu ya mashine ya kufulia, akafungua bomba yeye mwenyewe.

"Mpaka lini?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Dakika ishirini, Mama."

Simu yangu ilikuwa sebuleni na saa ya bafuni ilikuwa imekufa siku nyingi. Mama Abrehet akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Ishirini? Naosha birika, nachemsha kahawa upya, namimina. Ni dakika ishirini kamili. Miaka thelathini napika kahawa, sijawahi kukosea. Msimtoe mpaka niwaite." Akaniletea taulo tumfunike Natna mwili asipate baridi, akanipa na simu, akaenda zake jikoni.

Nilipiga namba ya ushauri wa afya. Nesi aliyepokea alisema tuendelee hivyo hivyo, kisha tumpeleke mtoto hospitali. Tukaendelea. Mikono ya mama ilikufa ganzi, nikampokea, yangu ikafa ganzi, akanipokea. Harufu ya kahawa ikaanza kuingia bafuni. Hatimaye tukasikia, "Namimina!"

Mama akautoa mkono kwenye maji. Tukasubiri. Natna hakulia. Wekundu ulikuwepo bado, lakini haukuongezeka.

Hospitalini daktari aliukagua mkono, akauliza nani aliyempoza mtoto. "Mmefanya vizuri sana," alisema. "Kuna lengelenge moja dogo. Kovu halitabaki."

Kwenye tramu ya kurudi nyumbani, mama alimpakata Natna aliyelala. "Huyo Ylva wako anayajua haya yote," alisema. "Kwa nini hakuja kutufundisha sisi?"

Ningeweza kusema sijui. Nikautazama ule mkono uliofungwa bandeji, machozi yakanitoka, nikamweleza kila kitu: swali la Ylva, jibu langu, na aibu yangu.

Mama hakunikaripia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Jumatano tunakwenda wote," alisema tu.

Jumatano mama alilitua kopo la samli mezani kwa Ylva. "Hii ndiyo dawa yetu ya moto," akasema, nami nikatafsiri neno kwa neno, uso ukinichoma. Kisha nikaongeza la kwangu: "Nilikudanganya. Nisamehe."

Ylva hakucheka. Alifungua kopo, akanusa, akasema inanukia vizuri. Halafu akavuta kiti karibu na mama. "Nionyeshe mnavyopaka," akasema, akachukua kalamu.

Baada ya wiki tatu alikuja sebuleni kwetu na mwanasesere mpya. Akina mama walijaa, wakampa jina Tekle papo hapo. Ylva alibonyeza, mkono ukawa mwekundu. Mama Abrehet akachota samli, akampaka kama alivyowapaka wanawe wote. Wekundu ukasambaa, ukapanda mpaka kwenye kiwiko. "Mungu wangu," Mama Abrehet alisema taratibu, "na mimi nilidhani nawatibu."

Kisha wakamwosha Tekle, wakamweka chini ya bomba, na Mama Abrehet akaanza kuchemsha kahawa. Alipomimina, mkono ulitolewa ukiwa na rangi yake ya kawaida. Wakasubiri. Wekundu haukurudi. Mmoja baada ya mwingine waliugusa kwa ncha ya kidole, kama wanagusa mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Siku hizi Ylva hawaambii mama zetu dakika ishirini. Anawaambia, "Chemsha kahawa, mimina, ndipo umtoe."

Wageni walipoondoka, mama aliniita. Natna alikuwa mapajani pake, akila bisi kwa mkono wa kulia.

"Kutojua si aibu, Luwam," alisema. "Nilikuwa sijui, leo najua. Lakini wewe ulimwambia mwalimu kwamba najua, basi akapita mlango wangu akaenda kwa wengine. Ukinionea haya tena, sema ukweli huku unaona haya. Haya itakwisha."

Akanipa kopo la samli. Nikalirudisha jikoni, kwenye rafu ya vyakula.