Kiti cha Mteja

Zuleha alikalia kiti kile, akainuka papo hapo. Akaupapasa ukambaa uliosukwa wa kukalia kwa kiganja, kisha akamgeukia Kombo.

"Nani alikuwa amekaa hapa?"

"Hakuna mtu, bibie. Nyumba hii imefungwa tangu arobaini ya bibi yangu."

"Mbona kina joto?"

Kombo alicheka, akasema labda ni jua. Lakini madirisha yote yalikuwa yamefungwa, na kiti chenyewe walikikuta kimefudikizwa kwenye kona, miguu juu, vumbi limekitanda. Zuleha alikipapasa tena. Mbao zake zilikuwa mninga mtupu, mikono yake mipana, na ukambaa haujalegea hata uzi mmoja. Alikipenda, na Zuleha akishakipenda kitu hata ungempigia ngoma hageuki.

Wiki nzima alikuwa akizunguka Bagamoyo kuchagua vyombo vya chumba chake cha kushonea. Huko kwa mafundi seremala walikwisha kumchoka. Kila meza aliyoonyeshwa alikaa mbele yake, akazungusha mkono hewani kana kwamba anaendesha cherehani, akasukuma kitambaa kisichokuwapo, halafu akatikisa kichwa. Moja ilikuwa ndefu mno, kidevu kingegonga ubao. Nyingine ilitetemeka kama mgonjwa wa homa. Watu walisimama barabarani kumtazama mjane anayeshona upepo, wakacheka mpaka basi. Yeye hakujali. Mgongo ulioinamia cherehani juu ya mkeka miaka kumi na minane ulikuwa wake, si wao.

Meza na kabati vilipatikana. Kigoda cha kukalia yeye mwenyewe alikuwa nacho. Kilichobaki ni kiti cha mteja, na ndicho kilichomleta kwenye nyumba ya marehemu Bi Mwanaharusi, ambayo mjukuu wake alikuwa akiitoa vyombo ili arudi zake Pangani.

"Sikufichi," Kombo alisema alipokuwa akikitoa nje. "Bibi alikuwa akiinuka tu, anakifudikiza. Hata mgeni akienda kunywa maji, akirudi anakuta kimepinduliwa. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia nitakua."

"Na umekua?"

"Nimekua, sijaelewa."

"Alikuwa akiogopa paka wasilale," Zuleha alisema, akajitwika kiti kichwani, akaenda nacho kwake.

Ni vizuri ijulikane kwa nini chumba kile kilikuwa na uzito kwake. Mumewe, Mwishehe, alikuwa amefariki. Eda ilipokwisha tu, kaka mkubwa wa Zuleha, Bwanausi, alianza kuleta salamu kutoka Mkange: funga nyumba, uje kwangu, mwanamke hakai peke yake. Zuleha alikujua kwa Bwanausi. Huko angetwanga mpunga wa wake wawili, angelea watoto wasiokuwa wake, na angekula wenzake wakishamaliza. Kwa hiyo alikisafisha chumba cha mbele, alimokuwa mumewe akiweka mbata, akakipaka chokaa, akatangaza kwamba anashona. Mungu si Athumani, mwalimu wa chuo cha Kurani akampa kazi ya kanzu kumi za watoto, za kuvaliwa Maulidi. Kazi hiyo ikifanikiwa, nyumba ni yake na mikono yake ni yake. Ikiharibika, Mkange.

Siku ya tatu katika chumba kipya, jua la utosi, mji mzima umejilaza, Zuleha alikuwa ameinamia ukosi wa kanzu ya kwanza, uzi kati ya meno. Mlangoni ikasikika hodi.

Mtu wa Bagamoyo hufundishwa tangu utotoni. Adhuhuri, ukiwa peke yako, hodi ya kwanza huitikii. Unangoja ya pili, kwa kuwa binadamu atarudia, na asiyekuwa binadamu harudii. Zuleha alilijua hilo kama alivyojua jina la mama yake. Lakini akili yake ilikuwa kwenye ukosi, na adabu ya mwenye duka ikamtoka kabla ya akili.

"Karibu," alisema bila kuinua kichwa. "Kaa kitako."

Ukambaa ukalia, ule mlio wa kiti kinapopokea mtu mzito.

Zuleha aliinua macho. Kwenye kiti cha mteja hapakuwa na mtu, ila ukambaa ulikuwa umebonyea katikati, umebaki hivyo. Chumbani ikaingia harufu ya marashi ya halud, na chini yake harufu ya unyoya uliochomwa. Aliweka sindano chini taratibu, akaenda akakishika kiti mikono miwili ili akifudikize. Hakikuinuka. Kiti alichokuja nacho kichwani kilikuwa kizito kama gunia la chumvi, na mbao zake zilikuwa za moto.

Alitoka nje akakaa barazani mpaka alasiri, akijiambia kwamba haogopi. Alikuwa akiogopa sana.

Asubuhi aliikuta kanzu imefumuliwa. Haikuchanwa, la. Kila mshono ulikuwa umetolewa kwa ustadi, na uzi wote umezungushwa kidonge safi juu ya mkono wa kiti. Alishona upya. Siku iliyofuata akakuta imefumuliwa tena, na siku ya pili yake vilevile. Shoga yake, Mwanvita, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja akasimama mlangoni, akavuta hewa puani, akarudi nyuma hatua mbili.

"Shoga," alinong'ona, "humo ndani hamko wawili?"

"Tuko wawili," Zuleha alinong'ona pia. "Mmoja anashona, mmoja anafumua."

"Na unakaa naye?"

"Nikamwachie nani chumba?"

Mwanvita hakungoja. Alimleta Mwinyimvua, mganga wa Mlingotini, mzee mwenye sauti ndogo aliyezoea kusikilizwa. Mwinyimvua alichoma ubani, akasoma, akakaa kitambo mbele ya kiti. Kisha akawatoa wanawake wale barazani.

"Si shetani wa njiani huyu," alisema chinichini. "Ni jini Mwislamu, mtu wa heshima zake. Bibi wa mwanzo wa kiti hiki alikuwa akimnyima nafasi kwa kukifudikiza. Wewe umempa nafasi, na umemkaribisha kwa kinywa chako. Mimi siwezi kumfukuza mgeni aliyekaribishwa na mwenye nyumba."

"Sasa?"

"Mwachie chumba. Kiti ukifunike kitambaa cheupe, kila Alhamisi ubani, na mlango ufungwe."

"Na mimi nishonee wapi?"

Mwinyimvua alimtazama kwa huruma. "Kwani lazima ushone, mwanangu?"

Pale ndipo hofu ya Zuleha ilipogeuka ikawa hasira. Alimshukuru mzee, akamsindikiza mpaka njiani kwa adabu zote, lakini moyoni alikuwa akichemka. Nilimkaribisha akae, alisema peke yake. Sikumkaribisha afumue.

Habari za jini zikafika Mkange haraka kuliko barua. Jibu la Bwanausi nalo halikukawia: Jumamosi angekuja na wapagazi wawili kumhamisha, na mambo ya cherehani yangeishia hapo.

Alhamisi adhuhuri Zuleha aliingia chumbani akaufunga mlango kwa ndani. Ukambaa ulikuwa umebonyea. Harufu ilikuwa nzito kiasi cha kushika koo. Kwa kuwa kiti hakisogei, aliisogeza meza, akaiburuta na cherehani yake juu mpaka mbele ya kiti, akapanga vipande vya kanzu, akatia uzi. Tundu la sindano alilikosa mara tatu. Kisha akageuka, akakipa kiti mgongo.

"Bismillahi," alisema kwa nguvu, akakaa.

Nyuma ya sikio lake sauti ya utulivu ikamalizia, "Rahmani Rahimi."

Hakukalia ukambaa. Alikalia mapaja, magumu, yenye joto la pasi ya mkaa iliyotoka kunyoosha nguo, na magoti yale yakapanda kidogo kumpokea, na kifua kikaja kikamgusa mgongo, na pumzi yenye halud ikamshuka shingoni, na alipoushika mpini wa cherehani na kuanza kuuzungusha, mkono asiouona ukaja juu ya mkono wake, vidole virefu kupita vyake kwa pingili nzima, ukaanza kuuzungusha mpini kinyume, polepole, bila papara, kama mtu mzima anayemzuia mtoto, na Zuleha, jasho likimtiririka mpaka kwenye kope, machozi nayo yakija bila ruhusa, akauzungusha mbele, na mkono ukarudisha nyuma, naye akauzungusha mbele tena, huku akisema kwa meno yaliyofungwa kwamba kiti hiki nimekichagua mimi, nimekibeba mimi kwa kichwa changu, na meza hii nimeichagua mimi nikichekwa na mji mzima, na kama unataka kukaa humu basi utakaa chini yangu, maana mimi siinuki, leo siinuki, hata nikiungua nimegeuka jivu nitakuwa jivu lililokaa.

Mshono ukaanza kwenda mbele. Alimaliza bega. Alimaliza ubavu. Alitia mkono wa kanzu. Hakuomba, hakulia kwa sauti, hakugeuka kutazama. Ilipoadhiniwa alasiri, vidole vile vilikuwa vimeuachia mpini.

"Leo umenikalia," sauti ikasema, na haikuwa na hasira. Ilikuwa na mshangao. "Sijapata kukaliwa. Tangu sasa nitakaa ukiniambia, nitainuka ukiniambia."

"Na kufumua?"

"Sifumui."

"Basi inuka."

Mapaja yakamtoka chini yake, akaangukia ukambaa mtupu. Mlango, aliokuwa ameufunga kwa ndani, ukajifungua.

"Nitapiga hodi tena," sauti ikasema mlangoni.

"Piga," Zuleha alijibu. "Kuitikia ni shauri langu."

Alikishika kiti, akakifudikiza. Kilikuwa chepesi kama ungo. Kanga yake kwa nyuma ilikuwa imeungua rangi ya chai. Lakini kanzu ilikuwa imekamilika, na asubuhi aliikuta imekamilika.

Jumamosi Bwanausi alifika jua likiwa utosini, mkongojo mkononi, wapagazi nyuma yake. Hakupiga hodi. Aliingia kama mtu anayeingia shambani kwake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hujafunga mizigo?"

"Sihami, kaka. Nimefika kanzu ya nne."

Bwanausi alizungusha macho chumbani, akaielekeza fimbo kwenye meza, halafu kwenye kabati. "Hiyo ibebwe. Na hilo. Cherehani itauzwa." Kisha akaona kiti kimepinduliwa. "Na hiki mbona kiko hivi?"

"Hicho hakikaliwi. Kuna kigoda."

"Mimi kaka yako nikalie kigoda?" Alikigeuza kwa mkono mmoja, akajitupa juu yake, akanyoosha miguu. "Zuleha, usinitie aibu. Mji mzima unasema unaishi na jini. Leo ninaifunga nyumba hii, na funguo ninakaa nazo mimi."

Mlangoni ikasikika hodi. Moja tu.

Wapagazi, waliokuwa wamesimama palepale mlangoni, waligeuka kulia na kushoto, wakatazamana. Bwanausi naye akasubiri. Zuleha angeweza kunyamaza, na hodi ile isingerudiwa. Aliitazama meza yake na fimbo iliyokuwa bado inaielekea, kisha akamtazama kaka yake aliyejaa kwenye kiti.

"Karibu," alisema. "Kaa kitako."

Ukambaa ukalia. Pumzi yote ikamtoka Bwanausi kwa mkupuo, na mgongo wake ukabanwa kwenye mbao. Mkongojo ukaanguka. Wapagazi waliona kanzu ya bwana wao ikididimia mapajani, ikijikunja kwa uzito wa mtu wasiyemwona, wakaondoka bila kuaga. Chumba kikajaa halud.

"Zuleha," Bwanausi alinong'ona, macho yamemtoka. "Niondolee. Niondolee, dada yangu."

"Nikuondolee nini, kaka? Umekalia kiti cha mteja. Wateja hukutana."

"Kinaunguza…"

"Najua. Mimi nilikikalia tangu adhuhuri mpaka alasiri." Alikata uzi kwa meno. "Nyumba hii ya nani?"

"Yako."

"Na funguo?"

"Zako! Zako, wallahi, kaa, shona, fanya utakalo!"

Zuleha aliweka kanzu chini. "Mgeni wangu, inuka. Kaka anarudi Mkange."

Ukambaa ukapumua. Bwanausi alitoka bila fimbo wala kofia, na waliomwona barabarani wanasema mapaja ya kanzu yake yalikuwa na alama mbili za rangi ya chai, kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Hakuleta salamu tena.

Maulidi ile watoto kumi walivaa kanzu zao, na hakuna mshono uliofumuka. Wateja walizidi. Zuleha aliwapima wamesimama, na wakichoka aliwapa kigoda, maana kile kiti chenye mikono mipana kilikaa miguu juu siku zote, pembeni ya meza. Mwanvita alimwomba mara nyingi akitupe.

"Nitupe kiti kizuri hivi?" Zuleha alikuwa akimwambia.

Na kila alipokuja mtu wa kumshauri, awe jamaa wa marehemu au bwana fulani mwenye huruma nyingi, aliyeona haifai mwanamke kukaa na nyumba peke yake, Zuleha alimsikiliza kwa adabu, akakigeuza kiti, akakipangusa vumbi kwa ncha ya kanga, akamwomba akae asubiri kidogo. Kila mara ilikuwa karibu adhuhuri.