Waya Uliopita Dirishani

Kila asubuhi, kabla jua halijaanza kuuchoma mji wa Garsen, Ilham alifagia ua, akachota maji, kisha akamfuata mama yake hadi kwenye jengo la jirani lililokuwa na mashine za kompyuta. Mama yake, Bi Mwanaarusi, alikuwa mzaliwa wa Kipini, na alikuwa na kazi mbili. Asubuhi alisafisha jengo hilo, na mchana aliuza samaki sokoni. Samaki wake aliwahifadhi ndani ya friza iliyokaa kwenye baraza ya nyuma ya nyumba yao, karibu kabisa na dirisha la chumba cha mashine.

Jengo lilikuwa dogo, lakini kazi yake ilikuwa kubwa. Humo zilitunzwa habari za zahanati zilizo kando ya mto: dawa zilizobaki, wagonjwa wanaozihitaji, na shehena ya boti iliyopeleka dawa wakati barabara zilipokatika. Msimamizi alikuwa Bi Priscilla, mwanamke wa kijiji cha Wema, ambaye hakuvumilia vumbi wala uchelewaji. Fundi alikuwa Hirbo, kijana wa Kiorma kutoka Chewele, mcheshi, mwenye subira kwa maswali ya watoto.

Masika ya mwaka huo yalikuwa mazito. Mto Tana ulivunja kingo zake, mashamba ya Wema yakazama, na shule zikafungwa. Bi Priscilla akaamua kwamba mashine zihamishwe Malindi kabla maji hayajafika mlangoni. Ilham alidhani zitapakiwa kwenye lori. Hirbo akacheka, akamweleza kwamba kitakachohama si chuma. Ndani ya chuma kile zilikuwamo kompyuta tatu zisizoshikika kwa mkono, zilizoundwa kwa programu tupu, nazo huitwa mashine pepe. Hizo zingesafiri kwa njia ya mtandao huku zikiendelea kufanya kazi.

"Zitasafirije na hazijazimwa?" Ilham aliuliza.

"Umewahi kuona watu wetu wakihama na ng'ombe?" Hirbo akamjibu. "Tukitoka Chewele kufuata malisho ya deltani, hatuwaambii ng'ombe wafunge maziwa mpaka tufike. Ndama hunyonya njiani, nasi chai ya maziwa tunainywa njiani. Basi mashine hii nayo inanakiliwa kule Malindi kidogo kidogo. Kila kinachobadilika huku kinapelekwa tena, mpaka pande mbili zilingane. Hapo ya huku inanyamaza na ya kule inashika kazi papo hapo. Muuguzi wa Wema hatajua kwamba kuna kitu kimehama."

Kisha uso wake ukawa mzito kidogo. Alieleza kwamba safari hiyo haistahimili kukatika kwa umeme, na umeme wa Garsen siku hizo ulikuwa wa kubahatisha. Jenereta ilikuwa imepelekwa kwenye kambi ya watu waliokimbia mafuriko. Zilizobaki ni betri zilizopangwa chini ya meza. Alikuwa amezipima mwenyewe, nazo zingetosha kwa mashine zote tatu, ila hazikuwa na ziada ya kumgawia mtu mwingine.

Siku ya kuhamisha ilipofika, Bi Mwanaarusi alitoka alfajiri kwenda kusaidia kupika kambini. Alimwachia binti yake agizo moja. Umeme ukikatika, asingoje urudi; awatoe samaki, awapasue, awatie chumvi na kuwaanika wawe ng'onda, kama walivyofanya wazee wao Kipini. "Friza bila umeme ni sanduku tu, mwanangu," alisema akifunga leso yake.

Ilham aliitika, lakini moyoni kazi hiyo aliichukia. Harufu ya ng'onda haitoki mikononi kwa sabuni moja. Hata rafiki yake Charity, ambaye jamaa zake walikuwa wamehamia Garsen kutoka Wema kwa sababu ya maji, aliwahi kuziba pua na kumuuliza amesindikizwa na paka wangapi. Wenzao walicheka, na tangu siku hiyo walimwita Bibi Ng'onda.

Kabla ya saa sita umeme ulikatika. Friza ilinyamaza. Ng'ambo ya dirisha, chumba cha mashine kiliendelea kuvuma, kwa maana betri zilikuwa zimeanza kazi. Ilham alikitazama kisu, akautazama mfuko wa chumvi, kisha akalitazama dirisha. Alikijua vizuri chumba kile, kwa sababu alikuwa akikifagia, na alijua kwamba soketi iliyo chini ya dirisha ilipata umeme wake kwenye betri. Hirbo alikuwa chumba cha mbele, akizungumza kwa simu na wenzake wa Malindi. Ilham akaupitisha waya wa ekstensheni dirishani, akauchomeka. Friza ikavuma. Akanawa mikono ambayo haikuwa imeshika kitu, akaenda kucheza nage na Charity.

Mashine mbili za kwanza zilifika Malindi salama. Ya tatu, iliyobeba habari za dawa na ambayo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilikuwa katikati ya safari betri zilipokwisha. Ilham aliusikia ukimya akiwa uani. Alikimbia, akauchomoa waya, akauviringisha na kuuficha chini ya tenga la samaki. Hakuna aliyemwona.

Bi Priscilla alimhoji fundi mbele ya wafanyakazi wote. Hirbo alisema kwamba alizipima betri, akazipima tena. Bi Priscilla akamwambia kwamba basi vipimo vyake ndivyo vilivyowaangusha. Kijana yule aliinamisha kichwa.

"Huenda nilikosea, Bi Priscilla," alisema. "Betri zimechakaa kuliko nilivyodhani."

Ilham alikuwa amesimama mlangoni na ufagio mkononi. Aliujua ukweli, lakini aliinama akaanza kufagia.

Alasiri umeme ulirudi na mashine ya tatu ikawashwa palepale Garsen, lakini maombi ya dawa yaliyoingizwa asubuhi ile yalikuwa yamepotea, na boti ilikuwa imekwisha kuondoka na shehena pungufu. Babu yake Charity, Mzee Gershom, alikuwa amekataa kuihama nyumba yake ya Wema. Alikuwa mgonjwa wa kisukari, na sindano zake hazikuwamo botini. Kabla jua halijatua aliletwa hospitali ya Garsen akiwa amepoteza fahamu. Charity alikuja akilia.

"Babu hazungumzi," alisema. "Wanasema fundi alikosea hesabu."

Ilham alimshika bega kumfariji, na mkono wake mwenyewe akauona mchafu. Jioni mama yake alifungua friza, akawakuta samaki wote wazima, akashangaa. Ilham alimwambia kwamba umeme haukukawia kurudi. Mama akamsifu kwa kuilinda mali ya nyumba, akampakulia kipande kinono zaidi. Alikirudisha sahanini. Aliposwali, alishindwa kuomba lolote, kwa maana alijua vyema ni jambo gani lililopasa kusemwa kwanza.

Asubuhi iliyofuata Bi Priscilla alitangaza uamuzi wake. Kwa kuwa betri haziaminiki, mashine ya tatu ingezimwa kabisa, chuma kingepakiwa kwenye trekta hadi palipo pakavu, kisha kwenye lori. Barabara ilikuwa imekatika mahali pengi, hivyo zahanati zingekaa gizani kwa siku zisizojulikana. Hirbo naye angekabidhi funguo na kurudi kwao. Alikubali bila kujitetea, akaketi mbele ya mashine ili aizime.

"Kaka Hirbo, usiizime," Ilham alisema. "Betri si mbovu. Ni mimi. Niliunganisha friza ya mama kwenye soketi ya dirishani, kisha nikauficha waya."

Hirbo hakumkaripia. Alimuuliza friza ilianza kula umeme wakati gani, akakokotoa, akazipima betri upya, kisha akageuka. "Ni nzima, Bi Priscilla," alisema. "Zinaweza kuivusha."

Bi Priscilla aliagiza uhamisho uanze mara moja. Adhuhuri umeme ulikatika tena, na kila mtu akasimama alipo. Safari hii betri zilibeba mzigo wao tu. Mashine ya tatu ilivuka hadi Malindi bila kusita, na baadaye muuguzi wa Wema alipiga simu kuuliza uhamisho utaanza lini.

Ndipo Bi Priscilla alipowakusanya wafanyakazi walewale waliomsikia akimlaumu Hirbo, akamwomba radhi mbele yao. Kisha akamwita Ilham, mama yake akiwa kando, macho chini.

"Kosa lako la kwanza lilikuwa uvivu," alisema, "nao tungeumaliza kwa adhabu ndogo. La pili ni zito zaidi. Uliponyamaza, ulimtwika mtu mwema mzigo wako, tena ukatufumba macho sisi sote. Mimi, mwenye madaraka, nilikuwa tayari kuwakatia wagonjwa msaada wao, kwa kuamini kwamba betri zilizo nzima ni mbovu. Mtu akificha ukweli, wenzake hukata shauri gizani."

Ilham alimwomba Hirbo msamaha, naye akampa. Lakini Bi Mwanaarusi hakuona kwamba hayo yametosha. Alimshika binti yake mkono, akampeleka hospitali, akamwamuru aseme mwenyewe.

Mzee Gershom alikuwa amepata fahamu tangu asubuhi. Charity aliketi kwenye benchi miguuni pake. Ilham alisimama kando ya kitanda, akaeleza habari za friza, waya, ukimya wake na mashine iliyokuwa karibu kuzimwa, bila kupunguza. Charity aligeuza uso ukutani. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa sauti dhaifu:

"Na kama fundi asingekuwa karibu kuizima ile mashine, ungesema?"

Ilham alitamani kujibu ndiyo. Alimtazama mama yake, akamtazama Charity, machozi yakamtoka.

"Sijui, babu," alisema.

Mzee Gershom alimnyooshea mkono.

"Ungeniambia ndiyo, nisingekuamini," alisema. "Kweli iliyosemwa kwa kubanwa ni bora kuliko uongo, lakini mtu hujulikana kwa ile anayoisema wakati angeweza kupendeza kwa kudanganya. Hiyo ndiyo umeisema sasa. Ishike, mjukuu wangu, hata itakapokuuma zaidi ya leo."

Charity aligeuka kutoka ukutani. Kisha alisogea pembeni ya benchi, akamwachia Ilham nafasi ya kuketi.