Mvua Imegoma Msituni

"Mvua imegoma," Mawingu alisema kwenye simu. "Wageni wanafika asubuhi hii. Njoo, tafadhali."

Upande wa pili alikuwa fundi sauti wa ofisini kwao. Walikuwa wamenuniana wiki nzima.

"Nakuja kwa ajili ya kazi," akajibu. "Usifikirie mengine."

Ofisini walimwita binti huyo Mawingu kwa kuwa ndiye aliyeunda hali ya hewa ya mchezo wao wa kompyuta: kisiwa cha joto ambako mchezaji hulima, hujenga na kuishi na msitu. Fundi sauti alirekodi ngurumo, vyura na matone. Sasa wageni walikuwa njiani kuuona, na msitu umekauka kama kuni.

Fundi akaingia, akavuta kiti bila salamu.

"Jana ulibadilisha nini?"

"Nilipanua mashamba tu. Bonde lilionekana dogo."

"Ukakata miti?"

Mawingu akajishika kichwa. "Yote. Na mvuke wa mvua unatoka kwenye hiyo hiyo miti. Mvua yangu nimeiroga mwenyewe."

Fundi akacheka bila kupenda. Wakaanza kupanda upya, bega kwa bega, vidole vikikimbizana. Moyo wa Mawingu ulidunda, na wala si kwa sababu ya wageni.

"Kama hunitaki, ungeniambia mimi," fundi akasema, macho kwenye skrini. "Si mama yako. Nilikusikia kwenye simu: 'Simtaki, hata mkinipa dunia.'"

"Ukasikia nusu, ukanuna nzima?"

Akapiga simu palepale, akaweka spika.

"Shikamoo, mama. Yule niliyesema simtaki ni nani?"

"Marahaba. Si yule mchumba aliyeletwa na shangazi yako? Umetutia aibu ukoo mzima, eti una fundi sauti wako. Mbona hatumwoni?"

Fundi alikuwa ameganda, kidole juu ya kibodi. Kikashuka chenyewe kwenye kitufe cha kuanzisha mchezo. Kwenye skrini, wingu zito likatanda juu ya bonde, ngurumo ikapasua spika, mvua ikamwagika. Meneja alikuwa ameshafungua mlango. Wageni wakasimama midomo wazi.

"Huko kunanyesha?" mama akauliza.

"Ni ya kazini, mama," fundi akasema, mkono wa Mawingu ukiwa ndani ya wake. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sauti tumeisikia. Jumamosi tuletee na sura."